Kichura 200 kila jioni kwa mtoto wa miaka 11: kipi hasa kimezidi?

SWALI: Mtaalamu, binti yangu ana miaka 11, yuko darasa la sita hapa Dodoma na ni mmoja wa watoto wa kikundi cha jimnastiki kinachojiandaa kwa mashindano. Jumatatu hadi Ijumaa wanaanza saa kumi jioni mpaka saa kumi na mbili. Jumamosi ni saa mbili asubuhi hadi saa sita, na Jumapili baada ya ibada wanafanya tena saa mbili nzima. Kila siku wanamalizia na mazoezi ya nguvu: kichura 200, pushapu 100, sitapu mpaka mwalimu achoke kuhesabu. Anayekosea anaongezewa. Kwenye msamba mwenzake anamkalia ili afike chini. Mwezi sasa analalamika vifundo vya mikono na visigino. Mwalimu anasema ni uvivu. Baba yake anataka tumtoe kabisa, anasema mazoezi haya yatamdumaza. Mimi naona mtoto anaupenda mchezo wake. Kiasi gani ndicho kimezidi? Tena ana mdogo wake wa kiume, miaka sita, naye analia kutaka kwenda. – Mama, Ipagala

JIBU: Mama, nianze na lisilosubiri. Mtoto wa jimnastiki anayelalamika vifundo vya mikono mwezi mzima si mvivu, anaumwa. Kuanzia leo asisimame kwa mikono, asipige pushapu kwa viganja, asibinuke kwa namna yoyote inayomfanya aegemee mikono, mpaka aangaliwe na mtu anayeijua mifupa ya watoto. Dodoma hamkosi pa kwenda: kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General, na kuna Benjamin Mkapa kule UDOM. Ukifika, usiseme tu "mtoto anaumwa mkono". Sema ni mwanajimnastiki, taja saa anazofanya mazoezi, na eleza kwamba maumivu yanakuja akiweka uzito kwenye kiganja kilichokunjwa nyuma. Maelezo hayo yanabadilisha kabisa kinachotafutwa kwenye picha ya eksirei.

Sasa swali lenyewe. Unataka namba, na namba zipo, ila hazipo pale watu wengi wanapozitafuta. Wazazi huhesabu pushapu. Mimi ningehesabu kwanza saa za wiki, kisha mara ambazo mtoto anatua kwa kishindo, kisha siku ambazo mwili wake unaachwa upumzike. Pushapu ningezihesabu mwisho.

Saa za binti yako ni hizi: siku tano za katikati ya wiki ni saa 10, Jumamosi 4, Jumapili 2. Jumla 16. Madaktari wa michezo ya watoto wana kipimo chepesi ambacho hata mzazi asiye mtaalamu anaweza kukitumia: saa za mchezo kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Kina msingi wake. Daktari Neeru Jayanthi na wenzake walifuatilia wanamichezo wadogo zaidi ya elfu moja katika eneo la Chicago, Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2015: waliokuwa wakifanya saa nyingi kuliko miaka yao ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya kuumia vibaya kwa kurudiarudia kitu kilekile. Chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo nacho kinataka angalau siku moja au mbili kwa wiki bila mchezo huo, na miezi kama mitatu kwa mwaka ya kuuweka kando, si lazima ifuatane. Mtoto wako ana miaka 11, anafanya saa 16, na siku ya kupumzika hana hata moja.

Najua mwalimu atajibu kwamba mabingwa wa dunia hufanya saa 20 na zaidi. Ni kweli, na wengi wao huumia. Lakini hebu tazama wanafanyia wapi. Uwanja wa mashindano wa mazoezi ya sakafuni ni mita 12 kwa 12, na chini yake kuna springi zinazomeza sehemu ya kishindo. Wakijifunza samasoti mpya wanatua kwenye shimo lililojaa vipande vya sponji. Mtoto anayetua kwenye saruji iliyotandikwa mkeka, au godoro lililokwisha bonyea katikati, hafanyi mchezo uleule hata kama jina ni moja. Saa moja yake ni nzito kuliko saa moja ya yule bingwa.

Na usisahau kuongeza yale ambayo mwalimu hayaoni. Kama anatembea kwenda na kurudi shule, kama maji yakikatika anabeba ndoo, kama shuleni nako wanakimbizwa kwa ajili ya UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi, yote hayo yanaingia kwenye miguu ileile.

Kuhusu hofu ya baba: mazoezi ya nguvu hayamdumazi mtoto. Tunaona wanajimnastiki wafupi tukadhani mchezo umewafupisha, kumbe wafupi ndio wanaochaguliwa na ndio wanaodumu, kwa sababu mwili mfupi unazunguka kirahisi hewani. Mtoto anayefundishwa vizuri anaweza kufanya mazoezi ya nguvu siku mbili au tatu kwa wiki, zisizofuatana, kila zoezi seti moja hadi tatu za mara 6 hadi 15, na akafaidika: misuli inalinda viungo, mifupa inakuwa imara, na anatua vizuri. Mtoto legelege anayerukaruka ndiye ananitia wasiwasi zaidi. Kwa hiyo sikubaliani na kumtoa.

Lakini baba hajakosea kabisa. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna gegedu, na hapo ndipo mfupa unapoongezeka urefu. Sehemu hiyo ni kama tofali bichi: ukiliacha likauke litabeba nyumba, ukilikanyaga mapema linapoteza umbo. Katika michezo mingi mikono haibebi mwili. Katika jimnastiki inabeba, na kwenye kubinuka kwa kasi kifundo kinaweza kupokea mara mbili ya uzito wa mtoto, tena na tena, jioni nzima. Gegedu ya mfupa wa upande wa kidole gumba ndiyo inayoumia zaidi. Ikipumzishwa mapema inapona. Ikipuuzwa miezi mingi inaweza kufunga kabla ya wakati, mfupa huo ukaacha kukua huku mwenzake wa pembeni ukiendelea, na kifundo kikabaki na kasoro ya kudumu. Huku ndiko kudumaa ninakokuogopa, kudumaa kwa mfupa mmoja, si kwa mtoto mzima.

Njoo kwenye kichura. Wakufunzi wa nguvu wanapompangia mazoezi ya kuruka mtu mzima anayeanza, humpa miruko kati ya 80 na 100 kwa kipindi kimoja, kisha wanamwacha siku mbili au tatu kabla ya kurudia. Binti yako anapewa 200 kila jioni, baada ya saa nzima na zaidi ya kuruka na kutua kwenye mchezo wenyewe. Kutua kwa samasoti ngumu kunaweza kufikisha mara kumi ya uzito wa mwili na kupita. Kwa hiyo anapofika kwenye kichura cha kwanza, miguu yake imeshafanya kazi ya siku.

Nenda siku moja ukakae pembeni mwa ukumbi, usiseme neno. Mwangalie kwenye kichura cha kumi, halafu mwangalie kwenye cha mia na hamsini. Mwanzoni anashuka kifua kikiwa juu, magoti yanaelekea kule vidole vinakoelekea, na akitua husikii kitu. Baadaye magoti yanaanza kuingia ndani na kugongana, mgongo unapinda, visigino vinapiga sakafu, na utasikia kila anapotua: pwaa, pwaa. Kuanzia pwaa ya kwanza hajengi nguvu tena. Anajizoesha kutua vibaya, na mwili una kumbukumbu kali, utatua hivyohivyo siku ya mashindano. Kwenye pushapu tazama kiuno: kikizama kuelekea sakafuni, tumbo limeshakata tamaa na mgongo ndio unaobeba. Mwalimu mzuri anasimamisha hapo hata kama hesabu imefika 12 tu.

Kuna hatari nyingine ya hizi hesabu za mamia, haitokei mara nyingi ila ikitokea ni ya kukimbizana hospitali. Misuli iliyosukumwa kupita kiasi, hasa kwenye joto na mtoto hajanywa maji, inaweza kuvunjika na kumwaga uchafu wake kwenye damu, na figo zikalemewa. Dalili ni misuli kuvimba na kuuma kuliko kawaida, mtoto hawezi hata kushuka kitandani, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Ukiona mkojo huo siku moja au mbili baada ya adhabu ya kichura, usingoje asubuhi.

Na hapo kwenye adhabu nina neno na mwalimu. Kuongezea mazoezi kama adhabu ni desturi tuliyoirithi shuleni, wengi wetu tumerukishwa kichura kwa kuchelewa namba. Kwa mwanamichezo ni hesabu mbovu. Anayekosea mara nyingi ni yule aliyechoka, sasa unamchukua aliyechoka kuliko wote unamwongezea mzigo kuliko wote. Akikosea, apumzike dakika tatu, arudie mara moja kwa usahihi.

Kukaliwa kwenye msamba kukome. Sisemi kwa upole kwa sababu sioni upande wa pili wa hoja hii. Msuli wa nyuma ya paja umejishika kwenye mfupa wa kukalia, na kwa mtoto anayekua pale ulipojishikia ni dhaifu kuliko msuli wenyewe. Mwenzake akimshukia kwa uzito, kinachoachia si msuli, ni kipande cha mfupa. Atasikia "pa" kwenye tako na mchezo utasimama kwa miezi. Msamba unashuka kwa uzito wa mwenyewe, mwili ukiwa umepashwa moto, kidogokidogo wiki kwa wiki. Uingereza, uchunguzi ulioongozwa na wakili Anne Whyte kuhusu jimnastiki ya nchi hiyo, uliotolewa mwaka 2022, ulikuta watoto walionyooshwa kwa nguvu namna hiyo, waliofanyishwa mazoezi wakiwa wameumia, na waliodhibitiwa chakula. Nchi yenye kumbi nzuri na walimu wenye vyeti. Kwa hiyo mwalimu wako asione anaonewa yeye.

Utajuaje maumivu ya kawaida na yasiyo ya kawaida? Mwambie aoneshe panapouma. Akipitisha kiganja chote kwenye mapaja yote mawili akisema "huku kote", na ni siku moja au mbili baada ya zoezi jipya, na siku ya tatu yameisha, hiyo ni misuli inajijenga. Akiweka kidole kimoja mahali pamoja, juu ya mfupa, na kila wiki ni palepale, hiyo si misuli. Maumivu yanayomwamsha usiku, uvimbe, au kuchechemea asubuhi kabla hajafanya lolote, nayo si ya kuchuliwa dawa na kurudi ukumbini. Mgongo wa chini ukiuma kila anapojikunja nyuma kama daraja, na ukaendelea wiki mbili, apelekwe hospitali, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto unaojikunja nyuma mara nyingi unaweza kupata ufa mdogo. Na tafadhali usimpe diklofenaki ili amalize mazoezi. Maumivu ndiyo kengele pekee aliyonayo.

Visigino vyake havinitishi kama vifundo vya mikono. Bana kisigino kwa pembeni, kushoto na kulia kwa pamoja, kwa kidole gumba na cha kati. Akiruka kwa maumivu, yaelekea ni gegedu ya kisigino inavutwa na msuli wa nyuma ya mguu, jambo la kawaida kwa watoto wa kati ya miaka 8 na 14 wanaorukaruka. Huisha lenyewe mfupa ukikomaa. Punguza kuruka, anyooshe misuli ya nyuma ya mguu taratibu, mwekee sponji laini ndani ya viatu vya shule, barafu dakika kumi jioni. Akipata uvimbe mdogo unaouma chini kidogo ya kifuniko cha goti, ni ndugu wa tatizo hilohilo la kisigino.

Umri wake una siri moja ambayo ningependa mwalimu aijue. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi zaidi karibu na miaka 11 au 12. Mifupa inatangulia, misuli inafuata nyuma ikiwa imevutika, na lile gegedu liko dhaifu kuliko wakati wowote. Msichana aliyekuwa anabinuka bila shida anaanza kuanguka, mwalimu anaona amezembea, anamwongezea kichura katika miezi ileile ambayo angepaswa kumpunguzia. Weka alama ya penseli ukutani kila mwisho wa mwezi, mtoto akiwa bila viatu. Ikizidi nusu sentimita kwa mwezi, miezi miwili au mitatu mfululizo, yuko kwenye kipindi hicho. Punguza kuruka na kuegemea mikono, ongeza kazi ya ufundi, ya kusimama imara na ya kukaza tumbo.

Chakula nakigusa kwa sababu wengi huumia tumboni kabla ya mguuni. Mtoto aliyekula mchana shuleni, akafika ukumbini saa kumi, akatoka saa kumi na mbili, akala usiku saa mbili, ametumia nguvu za jioni nzima bila kuweka kitu. Apewe uji wa lishe au kiazi na karanga anapotoka shule, hata kwenye kopo njiani. Karanga ni mali yetu hapa, ziko kila soko. Ugali wa uwele na mlenda ni mzuri, ila uwepo na maharage, mayai, dagaa au maziwa. Maji anywe kabla hajasikia kiu, hasa Oktoba na Novemba ambapo ukumbi wa bati hapa Dodoma ni tanuri. Usingizi, saa tisa kwenda juu. Mtu akianza kumpima uzito mbele ya wenzake au kumwambia apungue, hiyo kwangu inatosha kumhamisha. Na akifika miaka 15 hajavunja ungo, au akavunja halafu siku zake zikakatika miezi mitatu, mwone daktari. Si dalili ya kujivunia kwa mwanamichezo, ni mwili umeanza kubana matumizi mpaka kwenye mifupa.

Kwa mwalimu usiende na hasira, wala usiende na baba siku ya kwanza kama yuko na jazba. Nenda na daftari: saa za kila siku, panapouma, saa alizolala, wiki mbili tu. Mwombe mambo ambayo mwalimu anaweza kukubali bila kuvunjiwa heshima. Jumapili iondoke. Mazoezi ya nguvu yawe Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na yafanywe mtoto akiwa bado na nguvu za kuyafanya vizuri. Kichura kiwe seti tatu za nane kwenye godoro. Pushapu zisubiri vifundo vipone. Mahali pake aegemee viwiko na kukaza tumbo, au alale chali ainue mabega na miguu kiuno kikiwa kimegandana na sakafu, sekunde 20, apumzike, arudie. Mwambie anayeifanya hiyo vizuri kwa sekunde 20 amefanya kazi kuliko mwenye sitapu 100 za kujirusha. Mwalimu yeyote anayejua mchezo atakubali hilo. Jumapili ikiondoka, na siku zisizo za mazoezi ya nguvu zikiisha mapema, saa zitashuka mpaka karibu 11 au 12, na sitashangaa akianza kubinuka vizuri zaidi.

Mashindano sasa. Kama vifundo vitathibitika vimeumia, mapumziko ya kutoegemea mikono kwa kawaida ni wiki sita na kuendelea, na kurudi ni kwa hatua, kila hatua bila maumivu. Kama mashindano yako ndani ya muda huo, asishindane. Atalia, wewe utalia, mwalimu atanuna. Kanuni za kimataifa za wanawake hazimruhusu msichana kuingia ngazi ya wakubwa mpaka mwaka anaotimiza miaka 16, kwa hiyo hata ndoto ikiwa kubwa namna gani, ana miaka mitano mbele yake. Simone Biles alichukua dhahabu ya mshindi wa jumla Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 27. Oksana Chusovitina wa Uzbekistan alianza Olimpiki Barcelona 1992, na Tokyo bado alikuwepo akiwa na miaka 46. Kwa mtoto wa darasa la sita, shindano moja la mkoa linaweza kupita.

Mwalimu akikataa hata Jumapili, tafuteni kikundi kingine, au akae nyumbani msimu mmoja acheze rede na kuruka kamba na wenzake mtaani huku mkitafuta.

Huyo mdogo wa miaka sita mpeleke, ila siku mbili kwa wiki, saa moja kila siku, abiringike, atambae, arukeruke, aning'inie, acheke. Ukimkuta naye anahesabiwa kichura, mrudishe nyumbani.